Chai Uliyokuwa Ukinywa Mbweni

Mume wangu,

Salamu zangu zikufikie huko, ingawa sijui huko barua husomwa na nani. Nakuandikia kwa sababu nimeshtuka, na tangu nishtuke sijapata mtu wa kumwambia ipasavyo. Dada yako Rukia nimeshamwambia, lakini wewe unamjua wifi yangu, kumwambia yeye jambo ni sawa na kulipeleka redioni. Mwanetu Zuhura ananisikiliza nusu, nusu nyengine yuko kwenye simu. Na kwa kuwa mwenye makosa khasa ni wewe, nimeona bora nikuandikie mwenyewe.

Mshtuko wa kwanza ulinikuta siku ya hitma yako. Unaijua nyumba yetu ya Kikwajuni ilivyo finyu. Wanawake wamekaa mkekani goti kwa goti mpaka ngazini, dua imeshaombwa, watu wanapewa chai. Mimi niko pembeni nimejitanda kanga, macho yamenivimba. Mara akaingia mwanamke wa Kichina. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, ushungi ameutupia kama mtu aliyefunzwa kuvaa pale pale mlangoni. Watu wakampisha. Akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, chumba kizima kikasikia:

"Pole, Bi. Mume wako alikuwa akinywa chai kwangu kila asubuhi. Sasa nakunywa peke yangu."

Wewe bwana, ushawahi kusikia chumba kilichojaa wanawake kikanyamaza? Hata vijiko viliacha kukoroga. Hapa kwetu mwanamme akinywa chai pahala kila asubuhi, basi pale ni kwake. Chai ni mkate wa boflo, ni mbaazi za nazi, ni yai, ni mtu aliyeamka mapema akakutengenezea. Mtoto akiulizwa kama kashakunywa chai, anaulizwa kama kashakula. Sasa huyu ananiambia, mbele ya mashoga zangu na wasionipenda pamoja, kwamba mume wangu kila siku ya Mungu akila kwake. Rukia aliweka kikombe chini, akasema kwa ile sauti anayodhani yeye kuwa ni ya kunong'ona, "Kumbe kaka yangu alikuwa na nyumba ya pili."

Mwenyewe yule mwanamke hakuelewa kitu. Alinipa pole tena, akamwachia Zuhura nambari yake ya simu, akatoka. Anaitwa Bi Mei, Zuhura aliniambia baadae, anakaa Mbweni na mwanawe anayefanya kazi ya ujenzi.

Basi nikakaa na maneno hayo eda nzima. Mjane hatoki, na mtu asiyetoka hana pa kwenda ila kichwani mwake. Kila aliyekuja kunipa pole alikuwa akitazama pembe za nyumba kana kwamba mke mwenza kajificha nyuma ya kabati. Jirani mmoja, jina nakuhifadhia, aliniuliza kama mirathi imeshagawiwa na kama "wote" wamepata haki zao. Nikamwambia wote ni mimi na Zuhura na Rukia, na kama anamjua mwengine amlete. Akaaga. Lakini alipoondoka nililia, Baba Zuhura, maana na mimi nilikuwa sijui.

Nilizipitia asubuhi zako moja moja. Ulipostaafu bandarini ulianza mtindo: unasali alfajiri, unarudi unavaa suruali yako pana, unachukua baskeli. "Nnakwenda kunywa chai." Mimi nikidhani unakwenda barazani kwa wazee wenzio. Siku moja nikakuuliza, "Kwani chai ya hapa ina nini?" Ukacheka. "Ile ya kule nyengine kabisa, Mama Zuhura." Nyengine kabisa. Mwanamke anaambiwa hivyo na mumewe na bado uso wake ubaki mahali pake? Nikanuna. Chapati nilizokuwa nikikufunikia kwa kawa nikaacha kupika. Sikuona sababu ya kumwekea chai mtu aliyekwenda kunywa chai. Ukirudi jua limeshapanda, unatazama meza, unakaa kwenye kiti chako, unasoma gazeti mpaka wakati wa chakula cha mchana. Husemi neno.

Na hilo la kutosema neno ndilo lililonipa raha miaka yako ya mwisho, maana wewe hukuwa mtu wa kutosema. Ulikuwa moto, mume wangu. Ulimrudishia muuza samaki samaki wake kwa kumtupia. Redio uliitoa dirishani kwa sababu ya mpira. Yule kijana aliyekuwa akiegesha vespa mlangoni petu alihama mtaa kwa ajili yako, na sahani zangu nzuri za harusi ya Zuhura wewe unajua zilipoishia. Halafu ukapoa. Polepole, kama maji yaliyoepuliwa jikoni, mpaka watoto wa mtaa wakaanza kukusalimia bila ya kujificha. Mimi nilijua ni dua zangu. Wallahi nilijisifu. Nilikaa na wanawake wenzangu nikawaeleza subira niliyokuwa nayo na nyuradi nilizokuwa nikivuta, wao wanasikiliza, wengine wanataka niwaandikie.

Ukaleta na mchezo mwengine. Nikipandisha sauti kule jikoni, wewe badala ya kunijibu unakuja unaweka mkono wako juu ya wangu, hapa chini ya kiwiko, unaufuata. Nikivuta unakuja, nikisukuma unakwenda, tunazunguka kama watu wanaosaga kitu kisichokuwepo, mpaka nacheka na lile nililokuwa nikilisema limeshanipotea. Nilidhani ni mapenzi ya uzeeni. Katika eda yangu nikaanza kujiuliza mchezo ule ulijifunza kwa nani.

Eda ilipokwisha, Rukia alikuja asubuhi na mapema na buibui lake jipya, uso wa kwenda kortini. "Twende tukamuone mwenzio." Bi Mei mwenyewe alikuwa amemwandikia Zuhura kwenye simu kwamba ananialika chai. Rukia akanikataza nisile kitu. "Katualika chai? Basi tutakunywa mpaka tumtie hasara." Tukatoka na njaa zetu, kwa makusudi.

Nyumba yenyewe wewe unaijua. Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona ile bustani ya nyuma, na watu wamesimama kwenye majani, wazee watupu, mabwana na mabibi, wanakwenda polepole mikono inaelea, macho yametulia, hakuna anayesema. Wanageuka pamoja. Wanashuka pamoja. Rukia alinishika kanga nikarudi nyuma.

"Wanapunga," akasema. "Hawa wanapunga pepo. Lakini ngoma iko wapi?"

"Hakuna ngoma."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Twende zetu, tusije tukapandwa na sisi."

Bi Mei akatuona, akaja mbio kutupokea. Akatueleza kwamba si pepo, ni taichi, sanaa ya kupigana ya kwao. Rukia akauliza nani anapigana, maana yeye haoni aliyepigwa. Bi Mei akasema hii ni ile ya ndani, nguvu yake haitoki kwenye ngumi, inatoka kwenye pumzi na kiuno, na mtu hufunzwa kwanza kulegea. Halafu akatuelezea ulivyofika. Kwamba ulikuwa unapita na baskeli, daktari kakwambia ufanye mazoezi kwa ajili ya presha, ukawaona, ukasimama ukutani ukawapigia kelele: "Jamani, mnafukuza nzi?" Nikajua kweli ni wewe. Akakuita ndani akakwambia umsukume. Ukamtazama, mwanamke kimo cha mtoto wa skuli, ukacheka, ukamsukuma, ukaanguka wewe. Ukainuka umekasirika ukamsukuma kwa nguvu zako zote, ukaenda mbali zaidi. Alisema ulikaa pale kwenye majani kitambo, huinuki, na yeye akaogopa labda umeumia. Kumbe unafikiri. Halafu ukamwambia, "Nifunze."

Nilimsikiliza na sijui nieleze vipi nilivyokuwa. Dua zangu, Baba Zuhura. Subira yangu niliyowafundisha watu. Kumbe upole wako ulikuwa ukifanyiwa kazi Mbweni, kwenye majani, na mwanamke aliyekuangusha chini. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kibao, yote kwa wakati mmoja.

Tukaingia ndani kunywa chai. Hapo sasa nataka usikilize vizuri.

Alituweka kwenye meza ya chini. Akaleta kibirika cha udongo, kidogo kama cha kuchezea watoto, na vikombe ambavyo finjani zetu za kahawa ni kubwa mbele yake. Akatia majani yaliyosokotwa vidongedonge, akamimina maji ya moto, halafu maji yale ya kwanza akayamwaga. Rukia akaniangalia. "Kamwaga chai," akaninong'oneza. Akamimina tena, akatupa vikombe, akatuambia tunuse kabla ya kunywa. Tukanusa. Tukanywa. Chungu, haina sukari, haina iliki, haina tangawizi, haina chochote. Rukia akaweka kikombe akaanza kuutazama mlango wa jikoni, anangojea sahani. Na mimi nikangojea. Bi Mei akatumiminia tena maji yale yale. Na tena. Sahani haikutoka.

Mwisho nikauliza. "Bi Mei, hii ndiyo chai aliyokuwa akinywa mume wangu?"

"Ndiyo. Hii hii. Aliipenda sana."

"Na nini?"

Akanitazama. "Na nini vipi?"

"Akinywa na nini?"

"Na mimi," akasema.

Rukia akapaliwa. Nikampiga mgongoni huku nikimweleza Bi Mei kwamba nauliza kitafunio, kama ni mkate, au andazi, au hata kiazi kilichochemshwa. Akatikisa kichwa. Chai tu. Siku zote chai tu.

"Nilikuwa nampa biskuti," akasema, "hataki. Anasema, mke wangu ananingoja, nakwenda kunywa chai naye. Mimi namwambia, si umeshakunywa hapa? Anacheka. Sikujua anacheka nini."

Mume wangu, nilikiweka kikombe chini. Nilimtaka arudie, akarudia. Kwamba ulikuwa ukitoka kwetu hujala, ukipiga baskeli, ukifanya mazoezi yale, ukinywa chai ile inayochimba tumbo, na ukiondoka pale ukisema mkeo anakungoja. Kisha unafika nyumbani unaikuta meza tupu. Na mimi niko jikoni nimeuvuta uso, naosha vyombo nilivyokwisha kuvitumia, najua umeshashiba kwa watu.

Bi Mei akasema kuna siku ulimweleza. Kwamba mkeo amekasirika, amekusimamishia chakula cha asubuhi, na hujui umemkosea nini. Ukamuuliza ufanye nini.

"Ukamwambia afanye nini?"

"Nilimwambia asisukume. Hiyo ndiyo tunayojifunza hapa. Angoje tu, utalegea mwenyewe."

"Nilegee nini? Mimi nilidhani kashakula."

Akawa hajanielewa, ikabidi nimfunze maana ya chai, mimi na Rukia, kama tunamfundisha mtoto. Tukamtajia boflo, mbaazi, vitumbua, tukamwambia mtu akikualika chai unakwenda na tumbo tupu kama tulivyokuja sisi. Halafu akakumbuka hitma. "Siku ile mbele ya watu wote, basi mimi nilisema..." Rukia akamjibu kwamba alisema yeye ni mke wako. Bi Mei akajifunika uso kwa mikono, masikio yamemwiva. Rukia akacheka mpaka ushungi ukamvuka, na mimi nikacheka, nikacheka sana, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia kwa sauti kama siku uliyotolewa nyumbani. Bi Mei akainuka akatukaangia mayai.

Sasa nakuuliza wewe. Sahani zangu ulizivunja kwa sababu ya mchuzi kuzidi chumvi. Kisha unakuja kukaa na njaa kwenye kiti chako, umefungua gazeti, unangoja nilegee. Mke mwenza ningalijua la kufanya. Ningalilia, ningaligomba, ningalikwenda kwa kadhi, njia zake zinajulikana na kila mwanamke. Hili sina pa kulipeleka. Kila nikikumbuka mkunjo wa lile gazeti moyo unaniruka, na mpaka leo nikiwa sokoni au nasuka ukili husimama nikasema peke yangu, "Alikuwa na njaa." Watu wananitazama. Watazame.

Nimeghadhibika nawe na nakutamani, na sijui kipi kimetangulia.

Na mimi sasa naenda Mbweni. Usishangae, wa kushangaa ni mimi. Nilikwenda mara ya kwanza peke yangu kumpelekea Bi Mei sahani ya matunda, akaniambia nisimame pale ulipokuwa ukisimama wewe, na magoti yangu haya mabovu nikasimama. Navaa dera, viatu navua. Ananiambia, "Legeza mabega, Bi." Namwambia mabega haya yamelea mtoto na mume mkali, hayajui kulegea. Anacheka, ananibonyeza, yanashuka kidogo, nikisahau yanapanda tena. Amenifunza kuuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu polepole, kama unavyomimina maji ndoo kwa ndoo bila kuyamwaga. Na kweli, usingizi nalala, na ngazi za nyumba napanda bila ya kushika ukuta.

Siku aliyoweka mkono wake juu ya wangu kunifunza kusukumana, niliuvuta kama niliyeungua. Ulikuwa ni wewe. Uzito ule ule, mahali pale pale, chini ya kiwiko. Akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia mchezo huu naujua, nimefunzwa jikoni kwangu na mtu ambaye hakuniambia kama ananifunza. Akaurudisha mkono taratibu, tukazunguka mpaka nikatulia. Anasema sisukumiki kirahisi. Anasema wewe uliwahi kumwambia hivyo juu yangu, nami nimeifurahia kauli hiyo kuliko sifa yoyote uliyonipa mwenyewe.

Na chai nayo. Mwanzo nilikuwa nainywa kama dawa, naziba pua kimoyomoyo. Siku moja nilikuwa nimeshaweka kikombe chini, Bi Mei anaongea, nikasikia utamu unakuja nyuma ya koo, mdogo, umechelewa, wala hakuna sukari iliyoguswa. Nikamkatiza maneno. Akafurahi kama niliyemletea zawadi, akasema ndiyo hiyo, mtu huingoja. Basi ndiyo nyengine kabisa uliyoniambia. Ungaliniletea hata majani kidogo kwenye karatasi nikaonja, tungaliokoka na mengi. Rukia yeye anasema mpaka kesho kwamba ni makuti yaliyochemshwa.

Lakini kuna jambo simkubalii Bi Mei, na nimemwambia. Mkono wa mtu uufuate, sawa, usiusukume. Njaa ni jambo la kusemwa. Akasema labda na yeye alikujibu vibaya siku ile, kwa kuwa alidhani anajibu swali la taichi.

Leo nimerudi kutoka Mbweni jua limeshapanda. Zuhura amekuja kukaa nami siku mbili hizi, yuko jikoni, meza imefutwa, inang'aa. Akaniambia bila ya kugeuka, "Nshaondoa vyombo, mama. Si ushakunywa chai kwa Bi Mei?"

Nikasimama mlangoni na mkoba wangu. Tumbo linaniuma. Na nitakwambia kilichonitisha, mume wangu: lile neno lilikuwa limeshanifika mdomoni. Nshakunywa. Limekaa tayari, jepesi, halimsumbui mtoto, halimwashishi mtu jiko mara ya pili. Na gazeti lako liko pale pale juu ya kiti chako.

"Bado," nikamwambia. "Sijala kitu tangu nilipoamka. Nina njaa, mwanangu."

Zuhura akageuka akaniangalia kwa mshangao, mikono ina povu. Akaniuliza mbona sisemi. Nikamwambia ndiyo nasema. Akawasha jiko, akanikaangia yai, akanikatia boflo na akanitilia chai ya maziwa yenye iliki, nikala kila kitu kwenye kiti chako huku machozi yananidondokea kwenye sahani, na yeye hajui ni ya nini, na leo nimechoka kumueleza.

Nakomea hapa maana mkono umechoka na adhuhuri inaingia. Dua zangu zinakujia kila sala, hizo ni zako hata kama si zilizokupoza. Huko uliko wakikuuliza kama umekula, tafadhali usiwaonee haya. Waambie kweli.

Mkeo,
Mama Zuhura